Nyumba Iliyokua kwa Mabinti

Mwungwana wa Lamu wa karne ya 18 aliyetaka kujenga hakuanza kwa karatasi wala kalamu. Alianza kwa boriti. Mti wa mkoko uliokatwa katika misitu ya visiwani hauwezi kuibeba dari nzito ya mawe na chokaa ukilazwa juu ya nafasi inayozidi mita 3 hivi, na aghalabu nafasi yenyewe haikufika hapo. Kwa hiyo kila chumba, kiwe cha tajiri au cha mtu wa kadiri, kilikuwa na wembamba mmoja. Kilichoweza kuzidi ni urefu. Ndipo zikapatikana zile kumbi ndefu nyembamba, zimelazwa sambamba moja nyuma ya nyingine, ambazo hadi leo humshangaza mgeni aliyezoea vyumba vya miraba.

Yafaa jambo hili litangulie, kwa kuwa mengi yaliyoandikwa juu ya nyumba ya mawe yameisoma kana kwamba kila ukuta wake uliwekwa kwa ajili ya stara. Ukuta wa kwanza uliwekwa kwa sababu ya mti. Stara ilikuja baadaye, ikaukuta ukuta umesimama, ikautumia. Na ikautumia kwa ustadi ambao wajenzi wa leo, wenye saruji na nondo na uhuru wa kutandaza chumba watakavyo, hawajaufikia.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kutoka njiani mtu alifika kwanza kwenye daka, yaani kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta mbele ya mlango, chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba alikaa na jamaa zake alasiri, na hapo shughuli nyingi za kiume zilianza na kwisha pasi na mtu kuvuka kizingiti. Nyuma ya mlango ilikuwako tekani, sebule ndogo iliyopinda. Kupinda huku ndiko siri yote: mlango ukiwa wazi siku nzima, apitaye njiani haoni ila ukuta. Baada ya tekani kulikuwa na kiwanda, ua usio na dari, na ng'ambo ya kiwanda zikaanza zile kumbi: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Kila moja iliinuliwa daraja moja juu ya iliyotangulia, hata mtu aliyekuwa akielekea nyuma alikuwa pia akipanda. Misana haikuwa na milango upande wa kiwandani. Ilikuwa wazi, na pazia ndizo zilizoitenga. Ndani ndiyo iliyokuwa na mlango. Nyuma zaidi kilikuwako chumba kiitwacho nyumba ya kati, na ubavuni choo chenye shimo refu na birika la maji lililojengwa kwa chokaa. Katika birika walifugwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini yake aghalabu liliwekwa bakuli la kaure ili samaki hao wapate pa kukimbilia maji yapunguapo. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kuwa aliyeipanga nyumba hii alikuwa mtu wa kufikiri hata mambo ya samaki.

Mwelekeo nao haukuwa wa kubahatisha. Nyumba nyingi za kale za Lamu zimeifungua misana yake upande wa kaskazini. Kibla cha Lamu kiko karibu kaskazini kamili, na hilo peke yake lingetosha kuwa sababu. Lakini ukuta unaoelekea kaskazini hauchomwi na jua la asubuhi wala la jioni, na katika miezi ya joto, baina ya Disemba na Machi, ndipo upepo wa kaskazi uvumapo. Dini, jua na upepo vilikubaliana, na si mara nyingi mjenzi hupata mashahidi watatu wa namna hiyo kwa neno moja.

Mchoro wa nyumba hizi uliwafikia wasomaji wa mbali kwa kazi ya watu wachache. Usam Ghaidan, msanifu majengo mzaliwa wa Iraki aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alizipima na kuzichora nyumba za Lamu, na kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1975. James de Vere Allen, aliyekuwa mlezi wa kwanza wa makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya maana zilizofichwa katika mpango wa vyumba. Baada yao akaja Linda Donley, aliyeketi na wanawake wa Lamu akawauliza kila chumba kilifanyiwa nini. Kwa majibu yao ikafahamika kwamba sehemu za nyuma kabisa ndizo zilizopokea yale mambo mawili ambayo nyumba yoyote lazima iyapokee: mtoto alizaliwa huko, na maiti alioshwa huko. Kiasi cha hatua kumi kutoka kwenye kelele za njia, na daraja tatu juu yake.

Ila nyumba hii, kwa jinsi ilivyoelezwa hadi hapa, ni nyumba ya siku ya kwanza. Kitu kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni yale yaliyofuata, kwani nyumba ya mawe haikujengwa ikaisha. Ilirekebishwa kila kizazi, na kila rekebisho lilikuwa na jina la binti.

Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa mume amfuate mke nyumbani kwao. Baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba wakati wa arusi, na nyumba hiyo ikawa mali ya binti. Sheria ya mirathi inampa mwanamke fungu lililo nusu ya fungu la nduguye mwanamume. Lakini baba yu hai, na atoacho kwa hiba hakisubiri mirathi. Wengine walizifanya nyumba kuwa wakfu wa kizazi ili zisiuzwe. Kwa vyovyote vile, pakitokea talaka, aliyetoka na kijaluba chake mkononi alikuwa mume.

Sasa, baba mwenye mabinti watatu na kiwanja kimoja afanyeje? Mji ulikuwa umeshikana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Njia iliyobaki ilikuwa juu. Akaongeza ghorofa. Na hapa boriti ilirudi na amri yake: ukuta wa juu hauna budi kukaa juu ya ukuta wa chini, kwani hakuna kitu kingine cha kuubeba. Kwa hiyo nyumba ya binti ilikuwa nakala ya nyumba ya mama yake. Msana juu ya msana, ndani juu ya ndani. Binti aliyeolewa alipanda ngazi akakuta ramani aliyoijua tangu kutambaa, ila ikiwa karibu zaidi na upepo. Ngazi yake ilianzia karibu na mlango, ili mumewe aingie na kutoka bila kuipita misana ya wakwe zake. Wageni wa kiume nao walijengewa sabule yao, ili alalaye humo asije akakutana na watu wa nyumbani.

Binti wa pili akija kuolewa, na ghorofa ya pili ikiwa nzito kwa kuta zilizoko, baba alitazama ng'ambo ya njia. Huko labda palikuwa na kiwanja cha nduguye, au nyumba aliyoinunua. Zikalazwa boriti kutoka ukuta hadi ukuta juu ya vichwa vya wapita njia, kikajengwa chumba juu yake. Hilo ndilo wikio. Mgeni hulipiga picha kwa uzuri wake, na kweli lina uzuri, kwani hutia kivuli njia nzima. Lakini lilikuwa daraja la wanawake. Mama alimfikia binti, na binti alimfikia dada, bila mguu kugusa mchanga wa njia. Mtaa ukitazamwa kutoka chini ulikuwa wa wanaume na punda. Ukitazamwa kutoka juu ulikuwa nyumba moja kubwa yenye mabibi wengi.

Kila rekebisho lilikuwa na gharama yake. Kiwanda kilichokuwa ua wenye jua kikawa kisima cha mwanga, na jinsi ghorofa zilivyopanda ndivyo misana ya chini ilivyoingia giza. Hapo zidaka zilisaidia kidogo. Ukuta wa nyuma wenye safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa nyeupe hukamata ule mwanga mchache ukaugawa, na chumba chembamba kikaonekana kina kina. Wapo walioandika kwamba kazi yake ilikuwa kuonyesha sahani za kaure, na wapo waliosema ni kinga ya jicho baya. Huenda wote wamesema kweli. Mtu anapokuwa na ukuta mrefu na chumba kisichoweza kupanuliwa, humtafutia ukuta huo kazi zaidi ya moja.

Jiko lilikwenda darini, chini ya makuti, moshi upate kuondoka bila kuipitia misana. Kwa mpango wa vyumba hilo ni rekebisho zuri sana. Kwa mtu aliyeyabeba maji na kuni kuzipanda ngazi zote hizo, lilikuwa jambo jingine.

Na hapa ndipo wapenzi wa nyumba ya mawe hunyamaza, nao hawapaswi kunyamaza. Mpango huu ulihitaji watumwa. Tekani iliyopinda, wikio, jiko la darini, bibi asiyeonekana njiani hata alipotoka alitembea ndani ya shiraa iliyobebwa na wajakazi: yote hayo yalisimama juu ya watu ambao mpango uliwapa nafasi ya chini, karibu na mlango na ghala. Zile daraja zilizopanda kutoka kiwandani kwenda ndani zilikuwa pia vipimo vya mtu. Aliyekuwa na haki ya kufika nyuma alifika. Asiyekuwa nayo alifika kwa kufagia. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, anamfundisha adabu ya nyumba na ya mume, na msomaji wa leo akiusoma kwa makini huona watumwa wakipita ndani yake kama watu wa kawaida wa nyumba ya kawaida. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Nyumba nyingi za Lamu zilianza kuharibika katika miongo iliyofuata, na sababu hazikuwa moja, kwani biashara nayo ilikuwa imehamia bandari nyingine. Lakini paa la mawe na chokaa hutaka mkono wa mtu kila baada ya mvua, na mikono iliyokuwa ikifanya kazi hiyo bila ujira ilikuwa imekwisha kwenda zake.

Washairi walilijua kuanguka kwa nyumba kabla ya wasanifu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuuonyesha moyo wake ubatili wa dunia, hakuupeleka kaburini kwanza. Aliuingiza katika majumba ya Pate, akauonyesha zidaka zilizokuwa na kaure zikiwa sasa makao ya ndege na popo. Shairi hilo lilitungwa na mtu aliyeijua ramani. Asiyejua kwamba nyumba husomwa kutoka mlangoni kwenda nyuma hupitwa na nusu ya huzuni yake, kwa kuwa viumbe wa porini wamefika pale ambapo hata rafiki wa mwenye nyumba hakupata kufika.

Imezoeleka kusema kwamba nyumba za Lamu ni za asili, na kwamba Waswahili walijenga hivyo tangu zama za zama. Sivyo hasa. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba kuanzia mwaka 1980 na kukuta mji uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa muda mrefu wa maisha yake watu wake walikaa katika nyumba za miti na udongo. Jiwe lilitangulia msikitini, na nyumba za mawe zilifuata baada ya karne nyingi. Gedi, mji ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948 na ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, una nyumba zenye ghala za nyuma zisizo na mlango hata mmoja. Mtu aliingia kwa ngazi kupitia tundu la juu. Huko kilichofichwa zaidi kilikuwa mali.

Songo Mnara, karibu na Kilwa, umeleta shaka kubwa zaidi. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza kuchimba huko mwaka 2009, katika nyumba za karne ya 14 na ya 15 zilizoachwa zikiwa na vitu vyake. Wynne-Jones alidai mwaka 2013 kwamba nyumba hizo zilikuwa mahali pa watu wengi: kazi na biashara ziliingia ndani yake, na ule mpaka mkali baina ya nje na ndani tuujuao Lamu hauonekani vivyo hivyo. Hoja hii haijawapendeza wote, lakini ina uzito. Ikiwa ni kweli, basi nyumba iliyofungwa ya karne ya 18 si mzizi wa mti. Ni tawi moja lililokua wakati fulani kwa haja za wakati huo. Na tawi lingine likaweza kukua pengine.

Likakua Unguja na Mrima. Katika Ng'ambo ya mji wa Zanzibar na katika mitaa ya Dar es Salaam ilienea nyumba ya miti na udongo ambayo kila mtu wa pwani anaijua hata bila kuitajia jina: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi ulionyooka kutoka mlangoni hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, jiko na choo uani. Mkaguzi wa Lamu angeushangaa ukumbi huo. Umenyooka! Mlango ukiwa wazi macho hufika hadi kwenye sufuria. Lakini mpango huo uliwajibu watu wengine. Wengi wa waliojenga Ng'ambo walikuwa watu waliotoka utumwani, na watoto wao. Hawakuwa na baba wa kuwaongezea ghorofa wala watumwa wa kupandisha maji. Walichokihitaji ni chumba cha kukaa na vyumba vya kupangisha, na ukumbi ulionyooka humpa kila mpangaji mlango wake bila kupitia chumba cha mwenziwe. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita aliishi kwa vitano. Jinsi watu hao walivyozishikilia nyumba zao ilidhihirika mwaka 1928, Ng'ambo ilipogoma kulipa kodi ya ardhi kwa waliodai kuimiliki, na wanawake wenye nyumba walikuwa katika safu za mbele za mgomo huo. Mpango wa sita kwa ukumbi haukuwahi kupata fundi wa nakshi wa kuusifu, wala hauna zidaka. Lakini ukipimwa kwa idadi ya waliopata kulala chini ya paa lake, umewashinda wote.

Leo familia inayojenga nyumba mpya pwani, iwe Lamu bara, Mtwapa au Fumba, humpa fundi mchoro ambao mara nyingi umetoka mbali: mlango unafungukia sebuleni, sebule ina makochi yanayotazama runinga, choo kimo ndani ya chumba cha kulala, jiko limo ndani karibu na meza ya chakula. Saruji na nondo zimemvua boriti mamlaka yake, na chumba chaweza kuwa na upana wowote. Kisha nyumba ikikaliwa, marekebisho huanza. Mama hutundika pazia baina ya mlango na sebule, na hapo tekani imerudi kwa kitambaa. Jiko la gesi hubaki ndani kwa wageni kuliona, na chakula hupikwa nyuma, kwenye kibanda cha mabati kilichoongezwa bila mchoro. Mbele ya mlango hutengenezwa kibaraza. Mwana wa kiume akibaleghe hutafutiwa chumba chenye mlango wa nje, na hiyo ni sabule kwa jina jingine. Nondo za ghorofa zisizofunikwa huachwa zimechomoza juu ya paa miaka kumi, zikisubiri arusi ya mtoto. Ua nao hujazwa vyumba vya kupangisha, kimoja baada ya kimoja, hadi siku dirisha la chumba cha kati linapofunguka na kukutana na ukuta. Hapo mwanga na hewa hupotea kama zilivyopotea katika misana ya chini ya Lamu, ila safari hii pasi na kiwanda cha kuziingiza tena.

Makosa haya yote yangeweza kuepukwa kwenye karatasi. Fundi wa zamani asiyekuwa na karatasi aliyaepuka baadhi yake kwa kuwa alijua, kabla ya jiwe la kwanza, kwamba ghorofa itakuja na nani atakayeolewa juu yake. Mchoro wa kununua haujui. Umechorewa mume, mke na watoto wawili wa darasani, na haumjui bibi mkwe atakayekuja kuugua, wala binti atakayerudi na eda yake, wala maiti atakayetakiwa kuoshwa mahali pasipopita watu na penye njia ya maji. Familia nyingi huligundua hili la mwisho siku yenyewe, jeneza likiwa limefika na vyumba vyote vikiwa vinafungukia sebuleni palipojaa watu.

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sheria hulinda kuta zake. Wakazi wake ni habari nyingine. Nyumba kadhaa zimenunuliwa na wageni au kugeuzwa nyumba za kulala wageni. Misana imekuwa vyumba vyenye nambari, na ndani huwekwa kitanda chenye chandarua kwa atakayelipa zaidi. Moja katika nyumba za karne ya 18 imehifadhiwa kuwa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Mgeni hulipa kiingilio mlangoni, hupita tekani bila kubisha hodi, huvuka kiwanda, hupanda daraja moja, na la pili, na la tatu, na kabla ya dakika tano kupita amesimama ndani, akiuliza chumba hiki kidogo cha nyuma kilikuwa cha nini.